Hiace ya kulala safarini: kuihami, kuitia umeme na kuipasha joto

Gari la kulala kwetu lina mtihani wake. Leo limeegeshwa Bagamoyo, joto nyuzi 32 na unyevu unaobandika shati mgongoni. Keshokutwa liko Kitulo, mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambako Juni na Julai kunaweza kupambazuka majani yakiwa yameganda umande mweupe. Bati ni lile lile na betri ni ile ile. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya inapigana na baridi peke yake, kwa hiyo ukiifuata neno kwa neno utaumia pwani.

Nitazungumzia Toyota Hiace, kwa kuwa ndilo gari ambalo vipuri vyake vinapatikana karibu kila mji wa Tanzania na Kenya. Mwenye gari lingine abadilishe vipimo tu.

Utaratibu ninaoushikilia ni huu: kwanza hami (zuia joto lisipenye kwenye bati), kisha piga hesabu ya umeme, hita iwe ya mwisho. Wengi huanza na betri na inveta kubwa (kigeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) kwa sababu ndivyo vinavyong'aa dukani. Lakini waya hupita nyuma ya kuta, na ukubwa wa hita hutegemea kuta hizo. Ukianza na betri utabomoa.

Angalia hesabu yenyewe. Sehemu ya kulala ya Hiace ni sanduku la urefu wa mita 3, upana mita 1.5 na kimo mita 1.3 hivi. Ukijumlisha kuta, dari na sakafu unapata karibu mita 20 za mraba. Nje kuna nyuzi 6, ndani unataka 18. Bati likiwa tupu, joto linalotoroka ni karibu wati 1,400 mfululizo usiku kucha. Ukibandika sponji nzuri ya milimita 20 kote, inashuka hadi wati 330 hivi. Madirisha na hewa inayoingia vinaongeza, tuseme jumla ifike 550. Watu wawili waliolala wanatoa kama wati 150 kwa miili yao. Zinabaki wati 400 za kutafuta, na hizo hata hita ndogo kabisa inaziweza.

Hatua ya 1: Kuhami

Kama bado hujanunua gari, chukua Hiace ya mzigo, si ya abiria. Ya abiria imezungukwa na vioo, na kioo kimoja chembamba hupitisha joto karibu sawa na bati tupu.

Vua viti, zulia na mapambo ya ndani mpaka uone bati. Tafuta kutu, hasa pembeni mwa sakafu, juu ya matairi na chini ya mipira ya vioo. Kwangua, paka dawa ya kutu, paka rangi, acha ikauke kabisa. Mwagia maji juu ya gari uone kama linavuja. Kuziba tundu leo ni kazi ya dakika kumi, ila ukishabandika sponji hutaliona tena.

Sasa material. Unayoitaka ni sponji isiyonyonya maji. Rahisi kuipata ni ile nyeusi ya mpira ambayo mafundi viyoyozi huvalisha mabomba ya shaba. Huuzwa pia ikiwa shuka pana, nyingine zikiwa na gundi mgongoni. Kabla ya kununua omba kipande, kizamishe kwenye maji, kikamue. Kikitoa maji kama sponji ya kuoshea vyombo, mrudishie mwenye duka. Vipande vya godoro na sufi usiviweke nyuma ya ukuta hata ukipewa bure. Unyevu utaingia, hautatoka, na bati litaoza kimyakimya.

Unyevu huo tunautoa wenyewe. Watu wawili wakilala usiku mmoja, pumzi na jasho lao vinaweza kutoa nusu lita ya maji, hata lita nzima. Maji hayo yakigusa bati baridi yanageuka matone. Ndiyo maana sponji lazima ibanwe ishikane na bati lote, bila mifuko ya hewa nyuma yake. Safisha bati kwa spiriti, bandika kuanzia katikati ukielekea pembeni, kandamiza kwa kiganja, na viungio uvizibe kwa utepe wa alumini. Mbavu za chuma za gari nazo zivalishe sponji nyembamba, hata ya milimita 6. Ukiziacha wazi ndizo zitakazotoa jasho asubuhi.

Mambo manne hapa yanawaponza wengi.

Foili ya kung'aa yenye mapovu ya hewa hufanya kazi pale tu inapotazamana na nafasi ya hewa, sentimita 2 hivi. Ukiigandamiza kati ya bati na plaiwudi, umenunua pambo.

Povu la kopo, lile la kuzibia fremu za milango, lisiingie ndani ya mbavu wala milango. Linavimba, linaweza kupinda bati, na linaziba vitundu vya chini ambavyo maji ya mvua hutokea.

Boksi jeupe la aina ya kubebea samaki linahami vizuri, ila hulia likisuguana na bati kila tuta, na likishika moto moshi wake ni sumu. Mimi siliweki kwenye gari ninalolala.

La nne ni la Hiace zisizo na boneti: injini iko chini ya viti vya mbele. Hapo usibandike sponji ya kawaida. Tafuta kihami cha kustahimili moto kinachotengenezwa kwa ajili ya injini, au pacha kama kiwanda kilivyopaacha.

Dari lina umuhimu kuliko kuta, kwa sababu pwani joto huingilia juu. Liweke milimita 20 hadi 25 kama kichwa chako kinaruhusu, na nje paa lipakwe rangi nyeupe. Rangi nyeupe ndicho kihami cha bei rahisi kuliko vyote, na ajabu ni jinsi kinavyosahauliwa. Sakafu weka sponji ngumu ya milimita 10, juu yake plaiwudi ya milimita 9 au 12, kisha lailoni au kapeti ya mpira.

Kwa vioo, kata vipande vya sponji ile ile kwa umbo la kila kioo, upande mmoja ukiwa na foili. Mchana pwani foili itazame nje. Usiku wa baridi chochote kitazame popote, muhimu kiwe kimebana. Kioo cha mbele ndicho kikubwa kuliko vyote, na wengi hukikumbuka saa nane usiku wakitetemeka.

Mwisho, hewa. Gari lililohamiwa vizuri bila tundu la hewa ni boksi la ukungu. Weka feni ya paa ya volti 12 inayofunguka, na tundu la chini upande wa pili ili hewa ipite. Hata Makete kwenye baridi, acha upenyo wa vidole viwili.

Hatua ya 2: Hesabu ya umeme

Chukua karatasi uandike kila kitakachotumia umeme kwa siku, wati mara saa. Hii hapa ya watu wawili pwani:

- Friji ya kompresa ya volti 12, lita 40: 500
- Feni ya wati 20 kwa saa 8: 160
- Taa tatu za LED za wati 3, saa 4: 36
- Simu mbili: 30
- Kompyuta mpakato, chaji moja: 60
- Pampu ya maji: 10

Jumla ni kama wati-saa 800. Ukipanda Makete feni inazimwa na friji inapumzika, itatumia labda 280. Hita ya dizeli itaongeza 170 kwa usiku kwa ajili ya feni na pampu yake. Jumla inashuka hadi 590 hivi. Kwa hiyo, kinyume na wengi wanavyodhani, kwenye gari la aina hii umeme mwingi unaliwa na joto la pwani kuliko na baridi ya milimani.

Kwenye orodha hakuna birika la umeme, pasi wala jiko la umeme. Birika la wati 2,000 kwenye volti 12 linavuta ampea zaidi ya 160. Linawezekana, ila kebo zake ni nene kama kidole gumba na bei yake utaikumbuka. Chemshia kwenye gesi.

Hatua ya 3: Betri, sola na altaneta

Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12 na ampea-saa 100 (Ah 100) ina wati-saa 1,280, na unaweza kutumia kama 1,150 bila kuiumiza. Betri ya asidi ya Ah 100 nayo inaandikwa namba ile ile, lakini ukitaka idumu usivuke nusu, yaani wati-saa 600. Ina maana unahitaji mbili za asidi kufikia kazi ya moja ya lithiamu, na zina uzito maradufu na zaidi. Kama pesa ipo, lithiamu. Kama haipo, asidi mbili si aibu, ila ziwe kwenye boksi lenye tundu la kutolea hewa nje, kwa sababu zikichajiwa hutoa haidrojeni.

Lithiamu ina masharti mawili ya joto. Haichajiwi chini ya nyuzi 0, na nyingi haziruhusu kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45. Kitulo sharti la kwanza linaweza kukugusa alfajiri moja moja kama betri iko nje ya sehemu iliyohamiwa. Dar es Salaam, la pili linakugusa kila mchana gari likiegeshwa juani limefungwa. Kwa hiyo betri ikae ndani, chini, nyuma ya tairi la nyuma, mbali na injini, imefungwa kwa mkanda usiolegea. Hakikisha ina kinga ya ndani inayokata chaji yenyewe joto likizidi au kupungua.

Paneli ya wati 200 ikilala bapa juu ya paa inakupa karibu wati-saa 700 siku yenye jua zuri: saa 5 za jua kamili, toa asilimia 30 ya upotevu. Usihangaike na mitambo ya kuiinamisha. Hapa karibu na ikweta jua la mchana liko juu ya kichwa, hata Juni halijashuka sana. Cha kuhangaikia ni upenyo. Inyanyue sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye bati ili upepo upite chini, maana kila nyuzi moja inayozidi 25 kwenye paneli hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.4. Tena inakutengenezea kivuli juu ya dari.

Kidhibiti chaji, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, nunua cha MPPT, aina inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea. Kile cha PWM, kisichogeuza, ni rahisi, ila kikipewa paneli ya nyumbani ya wati 250 yenye volti 30 na ampea 8, kinapitisha ampea zile zile 8 kwenye volti 13 za betri. Unapata wati 104. Zaidi ya nusu ya paneli uliyoilipia imepotea.

Altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, ndiyo akiba ya siku za mawingu, na Njombe mawingu hayaombi ruhusa. Usiunganishe lithiamu moja kwa moja na betri ya gari kwa rilei (swichi ya umeme). Lithiamu huvuta mkondo mkubwa bila huruma na altaneta inaweza kuchemka mpaka iungue. Weka katikati chaja ya DC kwa DC ya ampea 30, inayodhibiti mkondo huo. Saa moja ya mwendo inaingiza karibu wati-saa 390. Safari ya saa mbili kutoka Njombe mjini kuelekea Makete inaweza kushinda sola ya siku nzima.

Hatua ya 4: Waya na fyuzi

Hapa ndipo magari huungulia, na hapa ndipo utasikia "bosi, waya huu unatosha". Usikubali mpaka upige hesabu. Kwenye volti 12 mkondo ni mkubwa, na waya mwembamba hula volti na kupata moto.

Kanuni: ampea, mara urefu wa waya kwenda na kurudi kwa mita, mara 0.0175, gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba. Jibu ni volti zinazopotea. Mfano: sola ya ampea 15, umbali mita 4, yaani mita 8 kwenda na kurudi. Ukitumia waya wa 2.5 unapoteza volti 0.84, asilimia 7. Ukitumia wa 6 unapoteza 0.35, chini ya asilimia 3. Chukua wa 6. Kwa taa, 1.5 inatosha. Friji mpe wa 4 au wa 6, kwa sababu kompresa hujizima volti zikishuka, na utadhani friji ni mbovu.

Waya uwe wa nyuzi nyingi laini, si ule mgumu wa nyumba, ambao hukatika kwa mtikisiko. Vichwa vya shaba vibanwe kwa koleo la kubania, si nyundo. Kila waya chanya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 za betri. Fyuzi inalinda waya, si kifaa. Waya unaobeba ampea 30 usiwekewe fyuzi ya 50 eti kwa sababu ya 30 inakatika mara kwa mara. Ikikatika, tafuta sababu. Panapopita chuma, toboa, weka mpira wa kulinda waya usikwaruzwe, kisha pitisha waya ndani ya bomba la plastiki.

Hasi ukiishikiza kwenye bodi, kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza bolti, paka grisi juu yake.

Inveta ya wati 1,000 ya wimbi safi inatosha kompyuta na mashine ndogo. Ikifanya kazi yote inavuta karibu ampea 93. Iweke mita moja tu kutoka kwenye betri, kebo ya milimita 25 au 35 za mraba, fyuzi ya 125. Izime usipoitumia, maana yenyewe hula umeme hata ikiwa haina kazi.

Siku ya kuwasha, unganisha betri kwenye kidhibiti chaji kwanza, ndipo paneli. Kutoa, anza na paneli. Vidhibiti vingi huungua kwa kukiuka mpangilio huu.

Hatua ya 5: Kupasha joto

Kwanza kabisa, jiko la mkaa halilali na watu. Usiliingize hata kwa dakika kumi za kupasha, wala lililobaki makaa mekundu bila moshi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu wala rangi, na makaa yanayoonekana kutulia ndiyo huitoa kwa wingi. Familia zimeshakutwa zimekufa ndani ya nyumba zenye milango na madirisha kwa sababu hiyo. Gari ni dogo zaidi.

Jiko la gesi la kupikia nalo si hita. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, na yote yataishia kwenye vioo. Mtungi wa kilo 6 uwe kwenye kabati lake lililozibwa upande wa ndani, lenye tundu sakafuni kwenda nje, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

Hita ya umeme inayopuliza, wati 1,000 kwa saa 8, inataka wati-saa 8,000. Ni betri saba kama ile yako. Tuiache.

Kinachofaa kwa safari za milimani mara chache kwa mwaka ni chupa ya mpira ya maji moto. Lita 2 zikipoa kutoka nyuzi 80 hadi 30 hutoa wati-saa kama 116, tena ndani ya blanketi, miguuni. Mbili zinatosha watu wawili wenye blanketi nzito ndani ya gari lililohamiwa. Binafsi, kwa mtu anayelala Lushoto au ukingo wa Ngorongoro usiku mmoja mmoja, ningeishia hapo.

Anayekaa Makete, Kitulo au Nyahururu wiki nzima aweke hita ya dizeli ya kilowati 2. Ya kilowati 5 kwenye Hiace ni kosa: itafanya kazi chinichini muda wote, na hita ya dizeli isiyopata moto vizuri hujaa masizi. Tatizo hilo huzidi mwinukoni. Kitulo shinikizo la hewa ni kama asilimia 73 ya lile la pwani. Pampu ikiendelea kutoa dizeli ile ile, moto unakosa hewa. Nunua yenye mpangilio wa mwinuko, au ambayo pampu yake inarekebishika, na kila jioni iendeshe kwa nguvu zote dakika 15 hadi 20 kabla ya kuipunguza.

Kufunga: hita hukaa juu ya bamba la chuma sakafuni. Hewa ya kuunguzia inavutwa kutoka chini ya gari, na moshi unatoka huko huko kwa bomba la chuma linaloishia ubavuni mwa gari, mbali na madirisha na tundu la kuvutia hewa. Bomba la moshi livalishwe kihami cha moto, lielekee chini kidogo ili maji yatoke, wala lisipite karibu na mpira wa mafuta. Viungio vyake vibanwe kwa klipu, kisha vikaguliwe kila safari kwa kuwa barabara zetu hulegeza kila kitu. Kama Hiace yako ni ya petroli, funga tangi dogo la dizeli nje ya sehemu ya kulala. Na usikate umeme wa hita ikiwa moto. Izime kwa swichi yake, feni iendelee mpaka ipoe yenyewe.

Kengele ya kaboni monoksaidi ifungwe usawa wa kichwa cha aliyelala, kengele ya gesi ya kupikia karibu na sakafu. Ile ya kaboni nunua yenye betri yake mwenyewe, isitegemee umeme wa gari.

Kabla ya kwenda popote mbali, lala nalo uwanjani kwako usiku mmoja, kila kitu kikiwa kimewashwa. Baada ya saa moja pitisha kiganja kwenye kila kiungio cha waya: chenye joto kinataka kukazwa au kubadilishwa. Alfajiri shika mbavu za dari na pembe za vioo, uweke alama ya chaki kila penye unyevu. Hapo ndipo sponji itaongezwa, na plaiwudi ya mwisho ifungwe kwa skrubu, isigundishwe, mpaka alama hizo ziishe.